Mbuzi wa Bwana Chokaa

Tulimwita Bwana Chokaa, na jina lilimkaa. Yule daktari wa wanyama, Mdachi, alijenga mazizi yake chini ya mlima upande wa Kilakala, akayazungushia ua wa miiba, na langoni akaweka beseni pana la chokaa. Kila atokaye sharti akanyage humo. Mume wangu Rehani ndiye aliyekuwa akiwalisha mbuzi. Nguo za kazini zinabaki huko huko, mikono inaoshwa kwa dawa inayonuka mpaka kitandani, na mbuzi akifa hachunwi, anachomwa moto mzima mzima.

Mimi nikimchokoza, "Mume wangu siku hizi msafi kuliko bi harusi." Yeye hacheki. Aliniambia mimi peke yangu kwamba Mdachi anawachoma mbuzi sindano ya kimeta, ugonjwa uuao mnyama na mtu, makusudi, apate kujaribu dawa yake. Nje hakuna ruhusa ya kulitamka neno hilo. Ukilitamka, hamsa wa ishirini za kiboko matakoni. Basi watu wote wa Morogoro walichojua ni kwamba Rehani anachunga mbuzi wanono ambao haliwi hata mmoja.

Mama mkwe akafariki. Ukoo mzima ukateremka kutoka mlimani, ukajaa kwetu Mafiga. Mlinzi wa lango la mazizi naye ni ndugu yetu, akaja kuzika. Bwana Chokaa alikuwa amekwenda Dar es Salaam. Sasa niambie, Mluguru gani angebaki kulinda mbuzi wa Mdachi siku anayozikwa shangazi yake?

Tulikuwa na mtani wetu, Ahmadi, Mnyamwezi aliyekuja na misafara ya wapagazi akaoa huku huku. Msibani mtani ndiye mwenye amri. Achukue kuku wako, achukue mbuzi wako, amtukane marehemu mbele ya wanawe, hazuiwi wala hanuniwi. Bila yeye msiba haupoi. Wanaume walipokwenda makaburini, Ahmadi akapanda Kilakala, akaliruka lile beseni la chokaa, akarudi na beberu mabegani huku akipaza sauti, "Bibi huyu alikuwa bahili, haya leo nawalisha mimi!" Mimi nilikuwa ndani, mkekani na wafiwa wenzangu. Nilisikia vicheko uani, nikasema moyoni, afadhali, watu wanacheka.

Rehani aliporudi kutoka kuzika, beberu alikwisha chinjwa na kuchunwa, chungu kinatokota. Ngozi ilikuwa imetupwa juu ya ua, na kwenye sikio palikuwa na alama ambayo Mdachi huwatia mbuzi wake. Nilimsikia akipiga ukelele, nikatoka mbio.

"Msile! Mbuzi huyu mgonjwa!"

Wacha watu wacheke! Maana ndivyo anavyosema kila mtu mbele ya mtani wake: mbuzi mgonjwa, kuku ana ndui, jogoo si wangu. Rehani mwenyewe aliwahi kusema maneno hayo hayo kwa Ahmadi huyu huyu, juu ya mbuzi mzima kabisa, na mbuzi akaliwa.

"Mgonjwa wewe," Ahmadi akajibu, damu imemfika kwenye viwiko. "Ugonjwa wa choyo!"

"Kimeta, jamani! Wallahi ni kimeta!"

"Leo mpaka anaapa!" mtu akasema, na kicheko kikazidi. Mimi nikapiga kelele, "Ni kweli, msile!" Wakasema mke anamsaidia mumewe kuwanyima nyama.

Rehani akakipiga chungu teke. Nyama ikamwagika mavumbini, na hapo ndipo kicheko kilipokatika. Chungu cha mtani, tena msibani! Wajomba zake wakamshika mikono, wakisema uchungu wa mama umempanda kichwani. Naye alikuwa analia machozi. "Nani amekwisha kula? Niambieni, nani amekula?"

"Ini tu nimemchomea mtoto mmoja," Ahmadi akasema, amekereka sasa. "Na hilo utalidai?"

Chausiku wetu, mtoto wetu wa pekee, akatokea nyuma ya jiko, midomo inang'aa mafuta. Kiganjani ameshika kipande.

"Baba, chako nimekuwekea."

Yarabi! Tulimtia vidole kooni, tukamnywesha maji ya chumvi, akatapika mpaka akaishiwa nguvu. Tukajidanganya limetoka lote. Kisha tumbo likaanza kumvimba. Bwana Chokaa aliporudi, Rehani alimbeba mtoto mgongoni hadi langoni kwake. Yule bwana akamtazama tumbo, akauliza ni mbuzi yupi, kisha akasema dawa yake ni ya mbuzi, na hata mbuzi bado wanakufa. Chausiku akafia mgongoni mwa baba yake, njiani wakirudi.

Bwana Chokaa akateremka na watu wake. Akamwaga chokaa kuizunguka nyumba yetu yote. Akakataza mwanangu asioshwe. Mimi mama yake sikumwosha! Wakamfunga katika turubai na kummwagia unga mweupe. Namchukia mtu yule mpaka leo. Chokaa yake alikuwa nayo tele. Neno moja, kimeta, ndilo alilotunyima.

Siku ile hakuvuka mtu kuja kwetu. Ahmadi peke yake alikuja, kwa kuwa ni mtani na ni wajibu wake. Mkono ulikuwa umevimba mpaka begani, na kwenye kiwiko pana kidonda cheusi kama kaa la moto lililozimika. Akasimama ukingoni mwa chokaa. Alifungua kinywa atanie, akashindwa.

"Mtani," akasema, "nilidhani unatania."

Rehani alimtazama ule mkono. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua mimi.

"Najua," akasema. "Ningekuwa wewe, na mimi ningecheka."

Ahmadi akakaa chini hapo hapo, nje ya mstari. Mtani wetu tulimzika Ijumaa, naye bila kuoshwa.