Zamu ya Jumapili

Kwanza ieleweke kwamba daftari halikuwa na kosa. Daftari huandikwa na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, katibu wa akina mama wa kanisa kwa miaka kumi na moja. Walimwita Mama Daftari. Alikuwa na kurasa za ubatizo, kurasa za misiba, na kurasa za walioazima masufuria ya kanisa kisha wakajitia hamnazo. Kijijini walikuwa wakisema ukitaka kujua umezaliwa lini usimsumbue mama yako, mwulize yeye.

Kanisa lilikuwa la matofali ya kuchoma, sakafu imechimbika mlangoni, lakini bati lake lilikuwa zima, na bati hilo ndilo lililoleta habari yote. Kanisa rafiki la mjini liliuliza kijiji kisaidiwe nini. Wanaume wakataka vipaza sauti. Akina mama wakasema watu wa kupaza sauti wapo tele, kinachokosekana ni maji, maana kisima kiko mwendo wa saa nzima, na kurudi ni zaidi kwa sababu ndoo iko kichwani. Safari hiyo akina mama wakashinda. Ikaamuliwa lijengwe tangi la saruji kwenye kona ya kanisa, mvua ikinyesha maji yatiririke kutoka batini yaingie humo. Marafiki wa mjini wakaleta saruji na waya, kijiji kikatoa mchanga, mawe na migongo yake. Tangi likisimama vizuri, wangesaidia pia kujenga chumba cha kliniki ya wajawazito.

Fundi alikuwa shemeji yake Mama Daftari, mume wa mdogo wake wa mwisho. Mtu mkimya, mwenye mazoea ya kupima kila kitu mara mbili, ndiyo maana akaitwa Pima Tena. Alhamisi alipomaliza plasta, alilivisha tangi magunia mabichi kuanzia juu mpaka chini, kisha akamwita shemeji yake.

"Shemeji, hili bado changa. Limwagiwe maji asubuhi, mchana na jioni, siku ishirini na moja. Likikauka upesi litapasuka."

"Yaani tutoke kisimani na ndoo, tuje kuliogesha tangi la maji?"

"Ndivyo."

"Basi mtoto huyu kadeka kuliko wangu wote sita."

Wakacheka. Mama Daftari akaketi kwenye benchi la nyuma kupanga zamu. Hakuumiza kichwa. Alifungua ukurasa wa zamu ya usafi wa kanisa, uliotumika miaka yote kumi na moja bila ugomvi, akaunakili kama ulivyo: watu wa juu siku yao, watu wa bondeni siku yao, wanakwaya siku yao. Akapiga mistari kwa rula. Jumamosi fundi akaenda kumwuguza mama yake kijiji cha pili, akiamini kazi iko mikononi mwa watu. Alikuwa na haki ya kuamini.

Jumatatu asubuhi alirudi, akafunua gunia moja, halafu la pili. Akagonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Nyufa zilikuwa nyembamba kama unywele, lakini zilizunguka tangi zima.

Habari ilifika kila mlango kabla ya uji kupoa. Mzee Kamati, mwenyekiti wa ujenzi, mwanamume asiyevua koti hata jua likiwa la utosi, alikuja akapitisha kidole kwenye ufa.

"Hapa mchanga umezidi saruji," akasema. "Saruji tumepokea magunia arobaini mbele ya watu. Imekwenda wapi?"

Fundi alimtazama, akainama, akaanza kuokota vifaa vyake.

"Nimeuliza, fundi."

"Nimesikia, mzee."

Hakuongeza neno, na wengine wakaliona hilo kuwa ni kukiri. Kufikia mchana watu walikwisha mpaka matope kichwa hadi miguu. Eti nyumba ya mama yake ina sakafu mpya. Eti mkewe ameota mashavu. Mchungaji akaitisha kikao siku ya pili yake, kwa sababu wageni wa mjini walikuwa wanakuja Jumamosi, na ilibidi waambiwe kitu.

Mdogo wake Mama Daftari alikuja jioni hiyo, macho mekundu. "Dada, wakimwita mwizi wa saruji ya kanisa, nani atampa kazi tena? Tutahama. Tutakwenda wapi na watoto?"

Mama Daftari alimpa kiti na chai, akafungua daftari amwonyeshe kwamba angalau maji yalimwagwa kila siku. Alishuka na kidole kwenye mistari yake mizuri. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi. Kidole kikafika chini kikakosa pa kwenda.

Jumapili hakuna anayefagia kanisa. Jumapili kanisa tayari ni safi.

Akaikumbuka Jumapili yenyewe. Ibada ilikuwa ndefu, kisha kwaya, kisha kikao cha vijana, na jua likiwaka kweli kweli. Kijiji kizima kilipita pale konani kwa nguo zake nzuri. Yeye mwenyewe alikuwa ameegemea tangi kupumzisha miguu, akahisi gunia kavu lenye joto mgongoni, na alilofikiri wakati ule ni kwamba ni pazuri pa kuegemea.

"Vipi dada?"

"Hakuna. Kunywa chai."

Mdogo wake alipoondoka alichukua kalamu. Nafasi ya mstari mmoja ilikuwepo. Aliandika "Jumapili" kwa mwandiko uleule, akapiga mstari kwa rula, ikapendeza. Sasa ilibaki jina. Alipitia watu wote wa kijiji kichwani, mmoja mmoja, akitafuta wa kubebeshwa, na hakumpata hata yule aliyekaa na sufuria la kanisa miaka miwili. Aliona aibu hadi masikio yakawa ya moto. Akaweka kalamu chini.

Kwenye kikao Mzee Kamati alianza na magunia arobaini. Hakufika mbali.

"Mwenyekiti, samahani," Mama Daftari akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika benchi la nyuma. Akarudia kwa nguvu. "Saruji iko ukutani. Ni maji yaliyokosekana. Zamu niliandika mimi, na Jumapili sikuandika mtu. Nilinakili ya usafi. Shemeji yangu alisema limwagiwe siku zote saba, nami nikaandika sita. Na jana nilitaka kuongeza ya saba kwa hila. Hii hapa, wino bado mpya, tazameni."

Daftari likazunguka mkono kwa mkono. Watu wengi walitazama viatu vyao.

"Mimi nilipita pale mara nne," akasema Mchungaji. "Niliona magunia yamekauka. Nikadhani kuna mwenye zamu."

"Siku ya Bwana si ya kubeba ndoo," Mzee Kamati akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kutokea.

Pima Tena ndiye aliyesimama. "Ukuta ni mzima. Plasta ya nje nitaibandua, nitapiga nyingine. Lakini Jumapili ipate mtu."

Jumamosi wageni walikuta tangi limebanduliwa plasta, na Mchungaji akawasimulia yote bila kupunguza. Kiongozi wao, mwanamke mwenye miwani, aliomba kuliona daftari. Alicheka mpaka akavua miwani. "Hata zamu yetu ya usafi haina Jumapili," akasema. Wakaahidi saruji ya plasta, na habari ya kliniki ikabaki palepale: tangi likijaa, waitwe.

Fundi akapiga plasta upya, na zamu ikapangwa upya. Siku sita zikajaa kwa dakika chache. Ilipofika ya saba kila mtu akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Mama Daftari akaandika jina lake mwenyewe.

Jumapili aliamka mapema, akaenda kisimani, akapandisha kilima na ndoo yake. Alipokata kona ya kanisa alikuta magunia yanachuruzika. Mzee Kamati alikuwa amesimama na ndoo tupu, suruali ya ibada imelowa hadi magotini. Koti lilikuwa limetundikwa mtini. Hakuna aliyewahi kuona rangi ya mikono ya shati lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alipangusa uso kwa kiganja. Alitazama ndoo, akatazama kwapani mwa Mama Daftari, ambamo daftari lilikuwa limebanwa kama siku zote. "Hilo jina lako likate," akasema. "Andika langu. Na fundi akija, mwambie... mwambie mchana pia nitakuwa hapa mimi."

Mama Daftari akatua ndoo, akatafuta kalamu.