Shamba la Ndwiga Ukutani

Mwaka wa 1957, wakati wa Hali ya Hatari, mahakama ya zamani ya mjini Embu iligeuzwa nyumba ya picha. Kizimba kiling'olewa, kuta za mawe zikapakwa chokaa, na mke wa bwana mmoja wa serikali akatundika humo picha alizochora akizunguka vilimani. Igoki alipewa kazi ya kufagia. Kila asubuhi alionyesha kipande chake cha utambulisho kwa askari wa zamu, akafungua madirisha, kisha akapiga deki pale pale ambapo mumewe, Ndwiga, alisimama miaka mitatu nyuma akahukumiwa kifungo cha kambini kwa kula kiapo cha kuipinga serikali.

Jumanne moja, akipangusa vumbi kwenye picha ya mteremko wa Karurumo, alimkuta Ndwiga ndani yake akipalilia maharagwe.

"Umekonda, Mama Wamuyu," Ndwiga alisema, jembe likiendelea.

"Ni handaki. Tunachimbishwa kila alasiri kuzunguka kijiji." Igoki alisogea aone vizuri. Lilikuwa shamba lao, lile ambalo chifu alimpa shemeji yake mwenyewe baada ya nyumba yao kuchomwa. "Walikuachilia lini, Baba Wamuyu?"

Ndwiga alifikiri. "Sidhani waliniachilia. Nilikuwa nabeba mawe kambini, askari akanipiga hapa kisogoni. Nilipoinuka nilikuwa shambani."

Igoki alipindua ndoo akaikalia. Alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha kichwa.

"Bado panauma?"

"Hapana. Palishapoa."

"Mungu asifiwe," alisema Igoki, na ilimtoka moyoni. Kwa miaka mitatu hakujua amwombee kama aliye hai au kama marehemu.

Maharagwe yalipokomaa Ndwiga alimpitishia kwenye ukingo wa fremu, baadaye viazi vitamu. Igoki alivipeleka kijijini, akampikia Karambu, mama yake Ndwiga. Mama huyo alitafuna polepole, akasema udongo wa kwao anaujua hata ukiwa mdomoni.

Mke wa bwana alipomwona mtu ambaye hakumchora, alirudi nyuma hatua mbili, akasema mwanga unamkaa vizuri. Akaandika chini ya picha: Mkulima.

Igoki alimwendea Misheck, karani wa ofisi ya wilaya, akamwomba amwandike mumewe kuwa amefariki, ili wafanye maombi kanisani. Misheck alikuja mbele ya picha na faili. Akamuuliza Ndwiga namba yake, Ndwiga akaitaja.

"Mama, hapa imeandikwa yuko kambini, na ni mzima," Misheck alisema.

"Si amekueleza mwenyewe?"

"Amenieleza, na nimemwamini. Pole sana, mama. Lakini ni lazima kambi ndiyo iandike."

Kambi haikuandika. Igoki hakungoja. Jumapili alisimama kanisani na kikapu cha viazi, akaviweka mbele. Mchungaji alimuuliza anashukuru kwa lipi.

"Mume wangu alifia kambini," Igoki alisema. "Nimemwona. Anakula, na hakuna anayempiga."

Waumini wakasema amina. Karambu aliimba kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu nyumba zichomwe, na jioni hiyo Igoki alilala usingizi mzima.

Kule kambini, kila asubuhi jina la Ndwiga lilisomwa, na likawekewa alama kwamba yupo.