Mgeni Haingii Jikoni

Saa tatu asubuhi, Jumanne ya katikati ya Juni, sebuleni kwa Faustina Mgaya, kijijini karibu na Igowole, kulikuwa na makochi manne ya msonobari, mapya, yakinukia vanishi.

Naima, afisa aliyetumwa kutoka Iringa mjini kuhakiki kaya zinazopokea ruzuku ya serikali kwa ajili ya watoto, aliyatazama, kisha akatazama kishikwambi chake. Kwenye kipengele cha samani palitakiwa jibu moja: zipo au hazipo. Zikiwapo, kaya huhesabiwa imejikwamua, na wajukuu wawili wa Faustina wangeondolewa kwenye mpango.

"Kamwene, bibi. Makochi haya ni yako?"

"Kamwene, mwanangu. Kaa kwanza."

Akakaa. "Ni yako?"

"Umeyakalia, hayajakuangusha. Unataka nini tena?"

"Nipaone wanapolala watoto."

"Ndani? Hata mchungaji wetu hajafika huko. Mgeni mwisho wake hapa."

Naima hakuwa mtu wa kuandika huruma, aliandika alichokiona. Lakini alichokiona hakikupatana: vanishi mbichi, na kuta zisizo na lipu, makochi manne, na mlangoni kandambili zilizofungwa kwa waya. Ushahidi uligombana, na aliyetumwa kuupatanisha alikuwa amekalishwa mahali pa heshima, mahali pasipoonekana kitu.

Harufu ya mchuzi ilipenya.

"Kuku kachinjwa na Shamsudin wa dukani," Faustina akasema. "Mtendaji wa kijiji alitutajia jina lako, nikajua huli cha kisu chetu."

Naima akazima kishikwambi, akavua koti, akaelekea jikoni.

"Wee! Unakwenda wapi?"

"Kusonga ugali. Kwetu Mlandege binti hakai sebuleni bibi yake akipika."

"Utaungua, mtoto wa mjini."

"Nitaungua nikisonga."

Faustina akacheka, akampa mwiko.

Kando ya mafiga palikuwa pametandikwa viroba vilivyofumuliwa. Juu yake blanketi moja na madaftari ya shule. Naima aliona. Alisonga.

"Makochi ni ya Masumbuko, fundi seremala," Faustina akauambia moto. "Tuliyabeba alfajiri. Mteja wake anayafuata jioni. Mtu wa serikali hakalishwi kwenye ndoo."

"Mtu wa serikali alikuja kuiona ndoo, bibi."

"Ndivyo mnavyotaka? Tuwakaribishe kwa aibu?"

Kishikwambi hakikuwa na nafasi ya swali hilo; Naima akafuta mikono. Akakiwasha. Samani: hazipo. Watoto wanapolala: jikoni. Akamsomea Faustina alichoandika, neno kwa neno.

"Na kuku umemwandika?"

"Fomu haimuulizii."

"Basi nawa."

Walikula palepale, chini. Saa nane, mtandao uliposhika kwenye barabara ya Mafinga, kishikwambi kilionyesha kwamba taarifa ya kaya ya Faustina Mgaya imepokelewa.