Mpaka Ijumaa Saa Sita

Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na sita. Nimetengeneza mabomba ya joto katika chuo cha sheria hapa Milwaukee kwa miaka ishirini na mitatu. Sheria siijui. Ila najua jinsi wanafunzi wanavyochagua makala za walimu za kuchapisha katika jarida lao la sheria, kwa sababu bomba la ofisi yao huharibika kila Februari, na Februari ndipo makala humiminika.

Shemeji yangu Warren, kaka wa mke wangu, alikuwa akifundisha sheria katika chuo kidogo cha kaskazini ambacho watu hukisahau jina. Walikuwa wamemwambia: makala moja zaidi ichapishwe kabla ya Mei, au mkataba basi. Akaandika juu ya watu wenye nyumba za magurudumu, ambao nyumba ni yao lakini ardhi ni ya mwingine. Jarida dogo likamkubali Jumanne. Likampa mpaka Ijumaa saa sita mchana ajibu.

Kwa desturi yao, ukishapata jarida moja unaliandikia kubwa zaidi: nisomeni haraka, wenzenu wananitaka. Warren akaliandikia la kwetu.

Alhamisi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya meza, nafungua bomba. Delphine, mhariri mkuu wa jarida, msichana wa miaka ishirini na minne, akamwambia mwenzake Royce, "Hii ya nyumba za magurudumu ndiyo bora niliyosoma mwaka huu."

Nikatoka nje na kumpigia simu Warren.

"Shemeji, wakatae hao wadogo. Huku wanakupenda."

"Wamesema wanaichukua?"

"Wanaichukua."

"Wamesema hivyo, Len? Au wewe na bomba lako ndio mmepiga kura?"

"Nimesikia kwa masikio yangu. Unangoja nini?"

Alicheka. Akasema Ijumaa jioni samaki wa kukaanga juu yake.

Ijumaa nilirudi kufunga bomba. Saa nane Royce alikuwa akisoma orodha kwenye kompyuta.

"Huyu wa nyumba za magurudumu amelikataa lile jarida lililomkubali. Ombi lake la haraka limekufa."

"Anafundisha wapi?" Delphine akauliza.

Royce akataja chuo. Wakatazamana.

"Mrudishe kwenye foleni," Delphine akasema.

Nikasimama, spana mkononi. "Jana ulisema ni bora."

"Ni bora, Bwana Len. Lakini zipo elfu mbili, na sisi tuko wanane na tuna mitihani. Tunaanza na zile ambazo wengine wanazitaka. Hii hakuna anayeitaka."

"Lilikuwepo jarida lililoitaka mpaka saa sita."

"Sasa mbona mwandishi alilikataa?"

Royce akacheka kidogo. "Labda alishauriwa na wakili."

Niliinama nikakaza nati iliyokuwa imekazwa tayari.

Warren aliwapigia wale wadogo Jumatatu. Nafasi yake walikuwa wameshampa mwingine. Foleni ya kwetu haikumfikia. Machi walifunga kupokea. Mei mkataba wake ukaisha. Sasa anauza bima huko Green Bay, na mkewe anasema anaiweza.

Ijumaa ile alilipia samaki kama alivyoahidi, nami nikala. Nilikuwa nimeshajua, na nilimwacha aagize bia ya pili ya kusherehekea. Nilimwambia tulipofika kwenye gari.

Akasema, "Basi, shemeji. Ulinitakia mema."

Hajawahi kuniuliza yule msichana alisema nini hasa. Angeniuliza ningemwambia: alisema ni bora, neno la kuichukua niliongeza mimi.

Makala yenyewe ninayo, kurasa sitini, zimebanwa kwa pini. Nimeisoma polepole mara mbili, na kamusi kando. Delphine hakukosea.