Ukuta Ulioishia Darini

Nilibisha hodi kwa mwalimu asubuhi, fundi bomba akiwa nyuma yangu na begi lake la vifaa. Mwalimu alifungua mlango na mswaki mdomoni. Alimtazama fundi, akanitazama mimi, kisha akautoa mswaki.

"Mama mwenye nyumba, nani amekwambia sinki letu linavuja?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyeniambia. Mwalimu alikuwa amemwambia mumewe, dereva wa lori, wakiwa chumbani mwao. Mimi nilikuwa chumbani mwangu nikikunja nguo.

Nyumba ile ilikuwa yangu ya kwanza na, ninavyojijua, ya mwisho. Maisha yangu yote ya ndoa, mpaka nikawa mjane, nilipanga kwa watu. Niliuza duka langu la vitambaa nikajenga makazi ya familia nne chini ya paa moja, matatu ya kupangisha, moja langu. Mwashi alikuwa kaka yangu. Mvua zilipokaribia, akaharakisha kuezeka, na kuta za ndani akazikomesha penye dari badala ya kuzipandisha hadi kwenye bati. Juu ya dari pakabaki wazi, upande hadi upande. Kwa macho, kila mtu alikuwa na kwake. Kwa masikio, tulilala chumba kimoja.

Nami sikuwa na utulivu hata chembe. Usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu, na nikikaa, kiti kinanichoma. Muuguzi, mpangaji wa upande wa pili, alinung'unika peke yake kwamba taa inawaka na kuzimika. Fundi umeme alikuwa mlangoni kwake kabla hajamaliza chai. Nilidhani wananiona mwenye nyumba wa kupigiwa mfano.

Baada ya lile sinki, nyumba ilinyamaza. Watu wakawa wananong'ona kwao wenyewe. Mwalimu akiwa na neno na mumewe, anawasha redio kwanza. Jumamosi alinijia, hakutaka hata kuketi.

"Tunahama mwisho wa mwezi. Na muuguzi naye anatafuta kwingine."

Duka nimeshauza, nyumba ikibaki tupu nitakula nini?

"Kaka atazipandisha kuta," nilisema haraka haraka. "Hata kesho!"

"Mama, ukuta hautusumbui. Kelele zipo kila nyumba." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. "Tunakuogopa wewe. Juzi nimegombana na mume wangu, ukatuletea chai kwenye chupa. Ilikuwa tamu, sikatai. Lakini ugomvi ulikuwa wetu."

Nilitaka kucheka, machozi yakawahi.

"Na mimi nikihama?" Maneno yalinitoka kabla sijayafikiri.

Kaka alikuja na pikapu akakipakia kitanda changu huku akifoka. "Dada, nimekujengea ukae kwako, unakwenda kupanga tena? Watu watasema wapangaji wamekufukuza."

"Wamenifukuza kweli. Shika huo upande."

Nilipata chumba mtaa wa jirani, kwa mzee ambaye hata jina langu hakuliuliza. Makazi yangu akayachukua fundi viatu na mkewe. Mwalimu hakuhama, wala muuguzi. Lakini mimi sikutulia. Nilitoka kwenda sokoni nikajikuta nimefika kwenye kona ya nyumba yangu, nikageuka kama mwizi. Niliikumbuka mpaka mwili ukauma.

Kisha mchana mmoja simu ikalia.

"Mama, ni mimi mwalimu. Dirisha la chumbani halifungi. Bawaba ya chini imeng'oka, na skrubu moja imepotea."

Alinieleza kama mtu anayemweleza asiyejua. Nilimwacha amalize, nikifurahia kuambiwa.

"Asante kwa kuniambia. Namtuma seremala sasa hivi."

"Hutakuja mwenyewe?"

Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja. Nikamwambia nina kazi, nikakaa kitandani na kiatu hicho mguuni mpaka seremala aliponipigia kwamba amemaliza.