Bisibisi ya Bwana Unywele

Mlango wa bafu uling'oka bawaba ya juu mwaka juzi, na watu wa nyumba ile wakajifunza kuoga kwa mguu mmoja. Mguu mmoja unasimama, wa pili unaukanyaga mlango usije ukakufungukia umejaa povu. Na mwenye nyumba ni fundi! Mganga hajigangi, walisema wahenga, ila huyu alizidi.

Tena fundi mwenyewe wa uzeeni. Miaka thelathini alikuwa karani wa ghala, kazi yake kalamu. Siku aliyostaafu akaapa hatanunua tena kifaa cha mkono maisha yake yote, atavitengeneza mwenyewe. Akatafuta mashine kuukuu ya kukereza chuma, akaisimika kwenye chumba kilichoachwa na watoto, akajifungia humo na tupa, jiliwa la kubania vyuma, na redio. Majirani wakamwita Bwana Unywele, maana ukimwuliza kazi imefikia wapi, anakwambia, "Bado inazidi unywele." Basi kutwa anaupunguza huo unywele. Jioni akipima, kapunguza unywele na robo. Kesho anaanza upya.

Kwa miaka miwili alitoa nyundo moja. Lakini nyundo! Inang'aa mpaka mkewe alikuwa anajitazamia akifunga kilemba. Ila ole wako uinyanyue. "Usigongee kitu, itaingia alama!" Misumari ya nyumba ile ikawa inagongwa kwa jiwe.

Sasa chuma kizuri hakiokotwi njiani. Kwa hiyo mzee akaanza kuvila vifaa vyake vya zamani. Bisibisi tatu za dukani ziliingia chumbani zikiwa bisibisi, zikatoka zikiwa vijiti vyenye ncha, na hata yeye mwenyewe hakumbuki vilikuwa vya kazi gani. Ya nne, ya marehemu baba yake, yenye mpini wa mti, ilipotea tu. Aliitafuta wiki nzima, akawasingizia panya.

Jumanne moja mkewe akasimama mlangoni pa karakana, mikono kiunoni.

"Baba watoto, zima hilo dude unisikie. Mama anakuja Jumamosi kutibiwa macho. Atakaa mwezi."

"Mama karibu sana."

"Mama hataoga kwa mguu mmoja. Mlango ukisimama kabla hajafika, atalala na mimi, wewe utalala humu na vyuma vyako. Usiposimama, vyuma vinatoka nje, chumba ni chake."

"Skrubu nne tu! Ngoja nitengeneze bisibisi."

"Kaazime kwa jirani."

Bwana Unywele akamtazama kama katukanwa ukoo. Aazime? Yeye?

Jumatano akakereza mpini. Alhamisi akaukereza tena. Ijumaa akasugua ncha kwa msasa, anapima, anasugua, anapima. Mkewe akipita anauliza, "Vipi?" Anajibu, "Haraka haraka haina baraka." Methali hiyo ilikuwa mali yake, aliila asubuhi na jioni.

Jumamosi saa tatu asubuhi ilibaki kazi moja: kukomaza ncha. Chuma unakichoma mpaka kiwe chekundu, unakizamisha kwenye oili. Kinakuwa kigumu kweli, lakini kigumu kama glasi. Lazima ukipashe tena taratibu, mpaka kigeuke rangi ya asali, ndipo kinapata uvumilivu. Hilo alilijua. Alikuwa akiwahutubia mpaka wauza mkaa.

Ndiyo kwanza kakitoa kwenye oili, lori likapiga honi nje. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, kamleta mama saa nzima kabla ya wakati.

"Shemeji!" dereva akaita, kichwa dirishani. "Nasikia unatengeneza bisibisi. Na skrubu zake utazipanda lini, masika?"

Nyuma yake mama mkwe, vumbi la safari mpaka kwenye kope, kashika taulo. "Mwanangu, bafu ni wapi?"

Basi mkwe kakuuliza bafu, utasema subiri rangi ya asali? Miaka miwili kaihubiri ile methali pasipo na haja, na siku moja tu ilipohitajika, akaisahau. Akaikamata bisibisi yake ilivyo, akakimbilia mlangoni, akaitia kwenye skrubu ya kwanza, akazungusha.

Ta!

Ncha ikakatika, ikaruka, ikatumbukia kwenye ndoo. Mkononi ukabaki mpini, mzuri ajabu.

"Hapo umepunguza zaidi ya unywele, shemeji," dereva akasema.

Mkewe hakucheka. Aliingia jikoni, akafunua pipa la unga, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akatoka na bisibisi yenye mpini wa mti, nyeupe kama mzuka. Skrubu nne, dakika kumi. Mama mkwe akaingia, mlango ukafunga ka! Wakasikia maji yanamwagika, na bibi anaimba kwa miguu yote miwili.

"Hiyo... si ya marehemu baba?"

"Ya marehemu baba. Nimeizika mwaka na nusu. Nilijua ukiiona tu, itageuka sindano."

"Na mlango ulikuwa unautazama tu muda wote huo?"

"Nilikuwa namtazama fundi."

Dereva alishaanza kutoa jiliwa nje. Bwana Unywele akamfuata mkewe nyuma nyuma mpaka karakana. Hakuitazama mashine, wala ile nyundo ya kioo. Macho yote kwenye bisibisi.

"Mama watoto, hicho ni chuma cha zamani, hakipatikani tena. Nipe nishike kidogo tu. Naona kama ncha yake inazidi..."

Mkewe akaichomeka kiunoni, akaibana na mkanda.

"Shika upande huo," akasema. "Mashine ni nzito."