Chini ya Meza ya Mtihani

Selpher hakuogopa chifu, hakuogopa nyoka, na hata marehemu mumewe, huyo alimwogopa siku mbili tu za kwanza za ndoa. Alichoogopa ni kukutana uso kwa uso na mkwe wake. Kwao Bungoma, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Sasa huku mjini, mtaa wa Ziwani, majani utayatoa wapi? Nyumba yenyewe chumba kimoja, pazia katikati: nyuma ya pazia kitanda, mbele yake meza, viti, na meko ya gesi chini karibu na mlango.

Ndiyo maana alikuja Jumamosi, siku ambayo mkwe wake, Wamalwa, hushinda chuoni anakofundisha.

"Nerima mwanangu, una hakika harudi?"

"Mayi, leo ana mtihani. Harudi kabla ya saa kumi."

"Mwalimu anafanya mtihani? Na wachungaji wa huku hubatizwa kila mwaka?"

Nerima akacheka, akamweleza. Ilikuwa kozi ya mtandaoni, ya kuwafundisha walimu wa vyuo namna ya kufundisha. Watu elfu kumi dunia nzima walikuwa wakiisoma, na mwalimu wao hajamwona hata mmoja. Wakubwa wa chuo walikuwa wamesema asiye na cheti kufikia Jumatatu hatapewa darasa tena, na mtihani wenyewe haurudiwi mpaka mwakani. Nerima akabandika maharagwe, akachukua ndoo, akaenda mferejini, ambako foleni ilikuwa ndefu kuliko ibada ya Pasaka.

Selpher akaingia nyuma ya pazia kuvua gauni la safari. Kitandani hakukaa, maana kitanda cha mkwe ni kaa la moto. Alikalia mtungi wa maji. Ndipo mlango ukafunguliwa, ukafungwa, komeo likalia, na mtu akahema kama aliyefukuzwa na nyuki.

"Stima ipotee chuoni leo, katika siku zote zilizoko," sauti ya Wamalwa ilisema. "Haya. Dakika hamsini."

Mtu mwenye adabu angekohoa, mkwe ajue, atoke. Selpher alikwisha kufungua mdomo. Lakini Wamalwa alikuwa na ule ugonjwa wa walimu wa kusoma kila kitu kwa sauti: "Usiondoke kitini. Kamera itakutazama mpaka mwisho. Sauti ya mtu mwingine ikisikika, mtihani utajifunga."

Selpher akakimeza kikohozi. Kilishuka kama kiazi kibichi.

Akakaa. Mlango ulikuwa upande wa mkwe. Dirisha lilikuwa na vyuma. Mtungi ulimkata makalio, akahamia upande mwingine, nao ukamkata vilevile. Upande wa pili wa pazia vidole vilikimbia juu ya kompyuta kama kuku kwenye bati.

Nusu saa ikapita hivyo. Halafu ikaja harufu. Maharagwe ya Nerima yalikuwa yamekauka maji.

"Nerima, Nerima, uko wapi," Wamalwa alinong'ona. Moshi ukapenya pazia. Kiti kikalia. Selpher alijua mlio huo: mtu anataka kuinuka akazime gesi. Akiinuka, cheti kwaheri, na muhula ujao binti yake atakula chaki.

Akajifunika leso kichwani mpaka kidevuni, akapiga magoti. Viti vilikuwa vimejaa ukuta hadi ukuta, njia ilikuwa moja tu, chini ya meza. Akapita miguuni mwa mkwe, akatambaa nyuma ya kiti chake, akazima meko, akageuka, akarudi. Miaka sabini na moja, na anatambaa kama mtoto wa meno mawili.

Alipokuwa chini ya meza tena, Wamalwa akavuta kiti mbele. Mguu wa kiti ukakanyaga pindo la leso. Selpher akavuta. Wapi.

Juu, kompyuta ikalia. Wamalwa akasoma taratibu, kama anayesomewa hukumu: "Mwendo umeonekana nyuma yako. Je, umeona mtu mwingine chumbani? Ndiyo au hapana."

Miguu ya mkwe ikarudi nyuma, chini ya kiti.

"Mimi," Wamalwa aliiambia kompyuta, "sijaona mtu. Leso ilipopita nilifumba macho, kama nilivyofunzwa na baba. Hapana."

Akabonyeza. Mtihani ukaendelea.

Dakika kumi na nane Selpher alikaa pale, shingo imepinda, hana pa kutazama ila soksi za mkwe. Alisikia swali la mwisho: "Utajuaje kama mwanafunzi usiyemwona yuko nawe?" Jibu lake Wamalwa hakulisoma kwa sauti, lakini aliliandika kwa muda mrefu sana.

"Asilimia themanini na moja," akasema mwishowe, kisha akaiamkia kompyuta, bila kutazama chini. "Kompyuta, mulembe. Nyumbani hawajambo?"

"Mguu wa meza," akajibu Selpher, "mwambie hawajambo. Mwambie pia ainue kiti, leso si zulia."

Wamalwa akainua kiti, akajifunika uso kwa koti, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akatoka. Huko nje Nerima alikuwa anafika na ndoo.

"Baba watoto, umefunika nini?"

"Nimefaulu. Ingia usaidie mtu ambaye simjui."

Nerima akaingia, akainama. "Mayi, toka."

"Ningeweza kutoka, ningekungoja? Goti limenaswa kwenye huu mti wa chini ya meza."

Nerima akajaribu kuinyanyua. Meza ilikuwa ya mvule, ilihitaji watu wawili, na wa pili alikuwa nje amevaa koti kichwani, haruhusiwi kuingia.

"Nimwite Mama Nyawira wa jirani?"

"Mwite. Lakini kwanza leta chai. Na mwambie huyo mwalimu, yeye hakuniona, mimi nimemwona. Soksi ya kulia, kidole gumba kiko nje kinaota jua."